Mama Alikaa Nje ya Mlango Miezi 20: Niandike au Ninyamaze?

Shangazi, shikamoo.

Mama yetu alifariki miezi minne iliyopita akiwa na miaka 71. Hakuugua muda mrefu. Mazishi yalifanyika haraka na wasifu wake ukasomwa na mtu ambaye hakumjua vizuri: alitaja tarehe, akataja idadi ya watoto na wajukuu, akaketi. Sasa tunajiandaa kwa ibada ya kumbukumbu, zimebaki wiki tano, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yake ili wajukuu wapate cha kushika mkononi. Wanasema mimi ndiye mwenye kalamu. Wiki ya tatu hii nimekaa na karatasi na nina sentensi moja tu, nayo si yangu, ni ya kaka.

Nikueleze kidogo Mama alikuwa nani. Alifiwa na baba yetu akiwa na miaka 34. Alikuwa fundi cherehani. Tulilala tukisikia cherehani, tukishtuka usiku wa manane bado inalia, na mpaka leo nikisikia mlio ule kope zangu huwa nzito. Alikuwa akishona huku ameshikilia pini midomoni, kwa hiyo alitujibu kwa nyusi: zikipanda ni ndiyo, zikikunjana ni hapana, na ikipanda moja tu ujue umeshapatikana na kosa. Kabla ya kukata kitambaa cha mteja aliuweka mkasi chini, akafumba macho, akasali. Alisema kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Hakuwahi kutuambia kwamba hatuna kitu. Alisema, "Leo tunavumilia," kana kwamba kuvumilia ni kazi ya siku moja na kesho kuna kazi nyingine.

Sasa tatizo lenyewe. Tulikuwa watoto wanne. Kitinda mimba wetu alifariki akiwa na miaka mitano, miaka mitatu baada ya baba, kwa homa iliyomchukua kwa siku mbili. Mimi nilikuwa na miaka 12, kaka 16. Jumapili iliyofuata, Mama alituvalisha, akatupeleka mpaka mlangoni pa kanisa, akatusukuma ndani taratibu, yeye akabaki nje. Alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, mpaka ibada ilipokwisha. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile. Alifanya hivyo miezi 20. Mvua ikinyesha alisogea ukutani akasimama. Hakuna aliyelizungumzia, si nyumbani wala kanisani. Kisha Jumapili moja akaingia nasi, akaketi mahali pake pa zamani, na tangu siku hiyo hakukosa mpaka alipolazwa.

Nilipokuwa napanga vitu vyake nilikuta madaftari yake ya sala. Kila ukurasa una tarehe na mistari michache: majina ya wagonjwa, mitihani yetu, ndoa ya fulani inayoyumba. Kwa ile miezi 20 kuna tarehe, na chini ya tarehe maneno manne: "Leo sina la kusema." Ukurasa baada ya ukurasa. Mara moja tu, katikati, ameandika jina la mdogo wetu, basi.

Nilimpelekea kaka daftari hilo. Hakulisoma. Alilifunga, akanirudishia, akasema, "Usifukue makaburi. Andika hivi: Mama alikuwa mwanamke wa imani isiyoyumba, aliyelea watoto wake watatu peke yake bila kutetereka." Ndiyo hiyo sentensi niliyo nayo. Mdogo wangu wa kike anasema tumwachie kaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba mzigo pamoja na Mama. Isitoshe, mdogo wangu huyo anaapa kwamba Mama hakuwahi kukaa nje. Anamkumbuka kando yake ndani ya kanisa, akiimba.

Sitaki kumvunjia Mama heshima. Wala sidhani kama alikuwa mtu wa kuficha mambo. Nakumbuka nilipokuwa mtu mzima tayari, alikuja mteja mmoja kijana kupunguziwa nguo kiunoni. Alikuwa amekonda baada ya kufiwa na mtoto. Mama alitoa pini midomoni, akamwambia, "Mimi nilikaa nje miezi ishirini. Aliningoja." Akarudisha pini, akaendelea kupima. Ilikuwa mara hiyo moja tu, sijamsikia akiirudia.

La mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Sijalia. Hata mazishini sikulia, na watu wananisifu: "Una nguvu kama mama yako." Pia tangu alipofariki sijaweza kusali. Napiga magoti na hakuna neno linalokuja. Mtu asiyesali anaandikaje habari za imani ya mama yake? Naona kama naghushi.

Mtoto wa Pili

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nikitafuta tatizo. Mara ya pili nilijikuta namtazama mama yako: pini midomoni, nyusi zinapanda, mkasi umewekwa chini. Halafu unaniambia umekaa wiki tatu na huna ulichoandika! Nusu ya kijitabu umeshanitumia, na umekiandika kwa sababu ulikuwa unamweleza mtu, hukuwa unaandika wasifu. Kabla ya kufanya lolote, inakili aya yako ile ya pili na uiweke mwanzoni mwa kijitabu. Usiipambe.

Sasa nikujibu. Andika hiyo miezi 20. Sisemi hivyo kwa kuwa ukweli lazima utolewe hadharani kila wakati. Ziko siri za marehemu ambazo mtoto anatakiwa kuzifunga kifuani mpaka naye aondoke. Ukiniuliza nitajuaje ipi ni ipi, nitakuuliza swali moja tu: mwenyewe aliitendeaje? Wewe umenijibu kabla sijauliza, tena kwa kupitia, kana kwamba ni jambo dogo. Mama yako alitoa pini midomoni. Kwa mtu aliyezoea kuwajibu watoto wake kwa nyusi, hilo si dogo. Aliuchukua wakati mgumu kuliko yote maishani mwake akampa mwanamke asiyekuwa ndugu yake, kwa sababu aliona unamfaa. Siri haitumiwi hivyo. Alikuwa ameiweka akiba, na siku ilipofika akaitoa.

Ninalishikilia hili kwa sababu najua upande wa pili pia. Mama Teresa wa Kolkata alipofariki mwaka 1997, dunia ilimjua kama mtu ambaye imani yake haikuwa na ufa. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zilichapishwa, na watu wakasoma kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa akisali bila kuhisi kwamba Mungu yupo. Wengi waliokuwa gizani walifarijika kuliko walivyowahi kufarijiwa na sifa zake zote. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameomba barua zile ziteketezwe. Hilo huwa linanikaa rohoni, na sijapata kuwalaumu wanaosema matakwa yake yalistahili kufuatwa. Kwako hali ni tofauti. Mama yako hakuomba kitu kifichwe, na jambo lenyewe alilisema kwa kinywa chake wewe ukisikia. Huko ndiko haki yako ya kuandika inakotoka. Haitoki kwenye daftari.

Na daftari lenyewe ulitendee kwa uangalifu. Umesema lina majina ya wagonjwa na ndoa za watu. Watu hao hawakujua kwamba habari zao ziko kwenye karatasi. Walimwomba mama yako awaombee, hawakumwomba awaandike. Basi kurasa za daftari zisichapishwe wala kupitishwa mkono kwa mkono siku ya ibada. Chukua yale maneno manne tu, "Leo sina la kusema," ambayo ni yake peke yake. Yaliyobaki yapige picha ukurasa kwa ukurasa, picha ziwe nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na madaftari yafunge kwenye karatasi kavu na kuyaweka pasipofika unyevu wala jua. Wino wa kalamu hupauka upesi kuliko tunavyodhani.

Sasa ile sentensi ya kaka, "imani isiyoyumba". Sidhani kaka anadanganya. Nadhani amekosa neno. Hebu tazama alichokifanya mama yenu. Mtu aliyeachana kabisa na Mungu hawavalishi watoto kila Jumapili. Hakeshi usiku kucha kwenye cherehani, kisha asubuhi akatembea mpaka mlangoni mwa nyumba asiyotaka kuingia, akakaa kwenye ngazi mpaka mwisho. Haandiki tarehe juu ya ukurasa mtupu. Waumini wa zamani walilijua jambo hili vizuri kutuzidi sisi. Wameiacha ndani ya Biblia Zaburi ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingine za maombolezo haigeuki mwishoni kuwa shukrani. Inamalizikia gizani, na gizani inamwacha msomaji. Walioikusanya hawakuona haja ya kuiongezea mstari wa furaha.

Hapo ndipo nina ombi kwako, na naliona zito kuliko mengine. Usimwongezee mama yako mstari wa furaha. Jumapili moja aliingia. Kwa nini siku ile? Hujui, na hakuwahi kusema zaidi ya neno lile moja, "Aliningoja." Utashawishika kuandika kwamba alisikia wimbo fulani, au aliota, au neema ilimshukia. Usiandike. Andika aliketi wapi, alivaa nini kama unakumbuka, nani aligeuka kumtazama. Pale usipojua, paache pawe wazi. Wajukuu wakikua watapasimamia hapo wenyewe, kila mmoja na swali lake.

Unaogopa kumvunjia heshima. Nikusimulie habari ya mwana mwingine aliyemwandika mama yake. Monika, mama yake Agostino yule askofu na mwandishi wa Kanisa la kale, mwenyeji wa Thagaste, nchi ambayo leo ni Aljeria, alifariki mwaka 387 huko Ostia, karibu na Roma, siku ya 9 ya ugonjwa wake, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Alikuwa amemlilia na kumwombea mwanawe miaka mingi. Agostino alipokuja kumwandika katika kitabu chake cha Maungamo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alitaja machozi yale na maombi yale. Lakini aliandika pia kwamba mama yake, alipokuwa msichana anayetumwa kuchota divai pipani, alizoea kuonja kidogo kidogo mpaka akawa anakunywa vikombe, na kwamba aliacha siku mtumishi mmoja wa kike alipomtukana usoni kuwa ni mlevi. Angeweza kulinyamazia hilo. Nani angejua? Aliliandika, na Monika mpaka leo anaitwa mtakatifu. Mimi ninayesoma habari zake namwamini Agostino anaposema juu ya maombi ya mama yake kwa sababu hakunificha divai.

Kwenye kitabu hichohicho kuna jambo linalokuhusu wewe. Mama yake alipokata roho, Agostino alimfumba macho na kujizuia kulia kwa nguvu zote. Mwanawe, kijana Adeodatus, aliangua kilio, wakamnyamazisha. Wakamzika, Agostino macho makavu. Akaenda kuoga, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kuoga huondoa huzuni, akatoka bafuni na huzuni yake ileile. Akalala. Ni baada ya kuamka, yuko peke yake, hakuna anayemtazama wala kumsifu, ndipo alipoyaachia machozi. Alikuwa katika mwaka wa 33 wa umri wake, mtu wa elimu kubwa, na alihisi aibu ya kulia.

Wewe pia watu wanakutazama. Kila anayekwambia "una nguvu kama mama yako" anakufungia mlango bila kujua. Sikuambii ulazimishe machozi. Wapo wanaoomboleza bila kulia na hawana kasoro yoyote, na miezi minne si muda wa kuanza kujihesabia. Angalia mambo mengine: unalala? Unakula? Kazi zako unaziweza? Kuna mtu unayeweza kukaa naye bila kujikaza? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya maombolezo yaliyopitiliza: simanzi kali isiyopungua kwa zaidi ya miezi 6, inayomzuia mtu kuendesha maisha yake. Ukijiona unaelekea huko, au ukianza kuona kwamba kuishi hakuna maana, usingoje miezi itimie. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha, na umwambie kaka au dada yako wiki hiyohiyo.

Na hiyo sifa ya nguvu, naomba uipunguze hata kwa mama yako. Tuna tabia ya kumwita mama "nguzo" na "jemedari" mpaka tunasahau kwamba mgongo ulikuwa unamuuma. Cherehani usiku kucha, miaka mingapi? Macho yake yalikuwaje mwishoni? Aliwahi kumwomba mtu msaada, au alisema tu "leo tunavumilia"? Andika gharama yake pia. Kisha jiulize nani alimshika yeye. Kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa Emmy Werner na Ruth Smith, waliofuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka watu hao walipofikia miaka kama 40. Miongoni mwa waliokulia kwenye shida nzito, karibu theluthi moja waliinukia kuwa watu wazima wenye utulivu na kujali wenzao. Kitu kimoja kilichojitokeza mara kwa mara maishani mwao ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja wa kumtegemea: mzazi, bibi, mwalimu, jirani, mtu wa kanisani. Ninyi watatu mlikuwa naye. Na yeye je? Miezi 20 mwanamke anakaa kwenye ngazi za kanisa, mkoba mapajani. Hakuna hata mmoja aliyetoka kukaa naye dakika mbili? Aliyemletea kitabu cha nyimbo? Mteja aliyeleta kitambaa ambacho hakukihitaji, ili tu apate kazi? Waulize wazee wa kanisa ambao bado wako hai, waulize sasa. Wakikumbuka, andika majina yao. Na kama kweli hakuna aliyetoka, hilo nalo lina nafasi yake, hata kama litawauma watakaosikiliza.

Tuje kwa kaka. Nimefikiria sana kuhusu kijana wa miaka 16 aliyeingizwa kanisani na wadogo zake wawili, mama amebaki nje. Wewe ulikuwa unamwangalia mama. Yeye alikuwa anawaangalia ninyi. Huenda kila Jumapili alikaa pale akijiuliza itakuwaje siku mama akiondoka kwenye zile ngazi asirudi. Mtu aliyeishi na hofu hiyo hawezi kufurahia kufunguliwa daftari. Kwake "imani isiyoyumba" huenda ndiyo ukuta alioegemea miaka yote hii, na wewe umemjia na nyundo.

Basi usimpelekee tena daftari, wala rasimu ya kuidhinisha. Mwendee mikono mitupu. Kaa naye, muulize kitu kimoja: "Zile Jumapili, wewe ulikuwa unafanya nini kule ndani?" Kisha nyamaza. Nyamaza hata kimya kikiwa kirefu. Akikubali, weka simu mezani irekodi, kwa ruhusa yake. Nadhani utatoka pale na ukurasa ambao ni wake, na mtu ambaye ukurasa wake umo kitabuni hakipigi vita kitabu hicho. Akikataa kabisa, mwambie kwa upole maneno ambayo Mama alimwambia yule mteja. Sidhani kama kaka anajua kwamba Mama aliyasema. Wewe peke yako ndiye uliyekuwepo.

Dada yako usibishane naye. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba tunapokumbuka hatufungui picha iliyohifadhiwa. Tunaijenga upya habari kila mara kwa vipande tulivyo navyo. Dada alikuwa mdogo, na miaka mingi baadaye aliketi kweli kando ya Mama anayeimba. Miaka hiyo imefunika ile. Ndani ya kijitabu muweke palepale panapohusika: "Dada anakumbuka hivi, mimi nakumbuka hivi." Tenganisha pia uliyoyaona kwa macho yako na uliyosimuliwa. Wasomaji hawasumbuliwi na tofauti za namna hiyo, na wajukuu watajua kwamba bibi alikuwa na watu watatu wanaomkumbuka, kila mmoja kwa upande wake.

Swali lako la mwisho, mwanangu: asiyesali anaandikaje habari za imani? Unapiga magoti, hakuna neno linalokuja. Mama yako aliandika hali hiyohiyo kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa, na wewe umeishika mkononi ukanielezea mimi kama jambo lake, bila kuona kwamba unaelezea lako. Hughushi chochote. Kati ya watoto wake, wewe ndiye unayeweza kukaa kwenye ngazi ile na kutueleza jiwe lilikuwa na baridi kiasi gani. Hujatakiwa kuingia ndani ili uandike. Andika kutoka hapo ulipo, na kama siku fulani huwezi kuandika, weka tarehe juu ya karatasi, uende ukalale.

Usijaribu kuandika maisha yote ya miaka 71 kwa wiki tano. Chukua matukio kama sita au saba unayoyaona kwa macho hata sasa, uandike hayo. Wachungaji na wasomaji wa wasifu wanapenda kutuletea Mithali sura ya 31, na ni sura nzuri, lakini yule mwanamke ana kila kitu isipokuwa uso. Mama yako ana uso. Ana nyusi mbili zinazojibu maswali. Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya mtoto mdogo kuliko wote katika ukoo. Pale atakapoanza kucheza na viatu vyake, futa.

Nimebakiza jambo moja, na hili ni la kusahihisha kabla ya yote. Kaka amekuandikia "watoto wake watatu". Wewe katika barua yako umesema mlikuwa wanne, lakini jina la kitinda mimba hukulitaja, hata mimi silijui. Katika ile miezi 20 yote mama yako aliandika jina moja tu. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na mengine matatu, kwa mpangilio mliozaliwa.

Shangazi